Marahaba ya Mama Yangu

Nyumbani kwetu Makorora maneno hupishana mlangoni kama watu wa shughuli. Baba akiwapo huamka na Kiswahili chake cha Tanga. Bibi, yaani mama yake baba, humjibu kwa Kidigo. Mama hukoroga uji akijisemea Kingazija, na mimi nikipanga vikombe huhesabu kichwani kwa Kifaransa, maana ndivyo nilivyofundishwa kuhesabu Moroni kabla sijafika miaka tisa. Hakuna anayeona ajabu. Jua likiwa bado halijaingia uani, moshi wa jiko umelala chini na macho yangu hayajafunguka vizuri, zile sauti huchanganyika zikawa kitu kimoja, kama mtu anavumisha wimbo bila maneno. Nadhani ndio wakati ninaoupenda kuliko wote. Najua kila mtu kasema nini, na sihitaji kuchagua.

Ngazija yenyewe, kisiwa kikubwa cha Komoro, naikumbuka kama kitu nilichokiona nikiwa na homa. Mawe meusi mpaka baharini, meusi ya kung'aa, kama mlima umemwaga masizi yakaganda. Miti ya langilangi iliyopindishwa matawi kwa makusudi ili wachumaji wayafikie maua, na harufu yake ikaingia hadi kwenye shuka. Baba alikwenda kule kutengeneza injini za boti, akamuoa mama, akakaa, kisha siku moja akasema anataka kurudi kwao. Tukafika Tanga, mimi na begi lenye picha ya paka na Kiswahili cha kuokoteza. Nilidhani tumekuja likizo. Kuna sehemu yangu nadhani bado inasubiri likizo iishe.

Kuna jambo moja inabidi niliseme mapema. Kwa Wangazija, marahaba ni asante. Ukipewa maji unasema marahaba. Ukipishwa njia, marahaba. Hapa Tanga, kama kila mtu anavyojua, marahaba ni ya mkubwa aliyeamkiwa shikamoo. Mimi sikujua. Wiki yangu ya kwanza shule ya msingi, darasa la nne, mwalimu wa hesabu aliniazima rula yake, nami nikainamisha kichwa kwa adabu zote nilizofunzwa na mama, nikasema, "Marahaba, mwalimu."

Halafu msichana wa nyuma akasema, "Kha! Mwalimu kamwamkia huyu?"

Walicheka mpaka wengine wakapiga madawati. Mwalimu naye alicheka, si kwa ubaya. Lakini mimi nilirudi kwenye kiti changu na toka siku hiyo nikawa napima kila neno kabla halijatoka, na mengi niliyapima mpaka wakati wake ukapita. Nikajikuta ni mtoto mkimya. Watu wakasema, "Huyu mpole," nami nikaliacha lile jina likae, maana lilikuwa rahisi kulivaa.

Mama yeye hakubadilika. Kiswahili alijifunza, lakini marahaba yake haikumtoka. Naye akitaka kupaka liwa ya msandali usoni, hupaka na kutoka nayo barabarani mchana kweupe, uso wote wa rangi ya udongo wa njano, kama wanavyofanya wanawake wa kwao. Kwao ni pambo. Makorora watoto walikuwa wakimfuata.

Siku niliyoanza kidato cha kwanza, kwenye shule ya wasichana iliyo upande wa Mabawa, alinisindikiza hivyohivyo, na liwa yake usoni. Nilimuomba aishie kwenye kona. Hakunisikia, au alijifanya hakunisikia, akafika hadi getini, akanirekebisha ushungi, akaondoka akiimba. Msichana mmoja aliyekuwa amesimama na mimi kwenye foleni akauliza, "Shoga, yule nani?"

Nikasema, "Mgeni wetu."

Sijui lilitoka wapi. Maneno mengine yote nilikuwa nayapima, hilo halikupita mizani. Akauliza tena, "Na mama yako?" Nikamwambia mama yuko Ngazija, atakuja.

Yule msichana akawa ndiye ninayekaa naye dawati moja, na rafiki yangu wa pekee. Mimi na yeye ni kama kiza na taa. Kwao ni watu wa asili ya Oman, nyumba imejaa shangazi, na bibi yake akikasirika humwaga Kiarabu cha zamani ambacho hata wenyewe wanakisia. Yeye badala ya kuona haya, alikuwa anakuja kutufasiria darasani: "Leo bibi kaniita mbuzi asiye na mchungaji. Au kamba. Sina hakika, lakini ni kimoja kati ya hivyo." Wote wanacheka na yeye mwenyewe anacheka kuliko wote. Nilikuwa namtazama kama mtu anavyotazama wenzake wakiruka majini na yeye hajui kuogelea. Sikuwahi kumkaribisha nyumbani. Miaka miwili nilimwambia bibi anaumwa, baba amelala, ukuta unapakwa chokaa.

Uongo ule haukuwa mkubwa kwa siku. Ulikuwa unaniomba kitu kidogokidogo tu. Nitembee mbele kidogo tukienda sokoni. Mama akiniita kwa Kingazija barabarani, nijibu kwa Kiswahili, au nisijibu. Usingizini nilikuwa naota ua mkubwa, watu wote wa pande zote wamekaa mikekani wakizungumza bila lugha yoyote, midomo imefunga, na kila mtu anaelewa. Nikiamka nilikuwa na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu ningeieleza kwa lugha gani.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, ukaja mkutano wa wazazi wa Jumamosi. Mikutano yote ya nyuma alikwenda baba. Baba siku za wiki yuko Maramba kwenye michungwa yake na hurudi Ijumaa, lakini wiki ile mvua ilinyesha mpaka njia ya shamba ikawa tope, akapiga simu kusema hawezi kutoka. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa ameandika kwenye barua, kwa kalamu nyekundu, kwamba mzazi wangu asikose, ana jambo juu yangu.

Nikamfuata bibi alikokuwa anachambua mchele.

"Bibi, utakwenda wewe?"

"Mino?" Akaacha ungo. "Mimi niende na mama mtu yupo?"

"Mama Kiswahili chake..."

"Kiswahili chake kina nini? Mbona mimi ananiudhi nacho kila siku na namwelewa?" Akanitazama kwa muda. Bibi ana macho ya kutafuta kijiwe kwenye mchele. "We mtoto, una nini na mama yako?"

Nikasema sina kitu. Mama alikuwa jikoni, ukuta wa jikoni ni mabati.

Jumamosi ile mimi na rafiki yangu tulipangwa mlangoni mwa ukumbi kuandikisha wazazi. Meza moja, daftari moja, yeye ameshika kalamu kwa sababu mwandiko wake ni mzuri na hanyamazi, mimi nagawa karatasi za matokeo. Ilikuwa asubuhi ya baada ya mvua, hewa nyeupe, miti ya uwanjani inadondosha maji polepole, wazazi wanakuja kutoka kwenye ule ukungu mmojammoja kama wanazaliwa humo. Nilikuwa nusu naota. Nilijiambia labda mama atapotea njia. Nilijiambia labda atachelewa mpaka tumalize. Kisha nikaona shiromani yake, lile vazi la Kingazija, jekundu na jeupe, mtu mmoja tu Tanga nzima, na uso wake hauna liwa. Ameuosha. Ameusugua mpaka unang'aa. Hilo lilinichoma kuliko kama angekuja amepaka.

"Aa, mgeni!" rafiki yangu akampokea kwa furaha. "Leo umetumwa wewe? Shikamoo."

"Marahaba," mama akajibu. Hiyo ilikuwa sawa, na mahali pake.

"Haya, nikuandike. Mwanafunzi najua ni huyu hapa." Akanigusa kwa kiwiko. "Uhusiano? Niandike nani? Shangazi? Mama mdogo?"

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nilikuwa na karatasi mkononi, jina langu limeandikwa juu, nami nikaanza kulisoma jina langu kana kwamba sijawahi kuliona. Nilisikia tone la maji likidondoka, na jingine. Kama ningesema neno moja pale, yote yangeisha. Sikulisema.

"Andika jamaa," mama akasema.

Rafiki yangu akaandika: jamaa. Mwandiko mzuri kabisa.

Mkutano ulianza, na sisi tulibaki mlangoni. Wazazi walikuwa wengi kuliko viti. Mama alisimama ukutani, na mkuu wetu wa shule, mwanamke mtu mzima wa Kishambaa ambaye sote tunamwogopa hata akitabasamu, akamwona, akaacha kusema alichokuwa anasema, akabeba kiti chake mwenyewe cha mbele na kumpelekea.

"Karibu, mama, keti. Usisimame."

Nilijua kabla halijatoka. Niliona mkono wa mama unakwenda kifuani. Niliona kichwa kinainama.

"Marahaba," akasema kwa sauti yake ya wazi. "Marahaba menji."

Ukumbi ukawa lile darasa. Miaka sita ilikunjika, nikawa nimeshika rula ya mtu. Halafu mama mmoja mnene, mwenye mtandio wa kijani, akasema kwa sauti ya utani, "Lo! Mkuu, umeshaamkia wageni wangapi leo?" na vicheko vikaanza huku na huku. Mzee mmoja akaongeza, "Mwacheni, huenda kwao ni malkia!" Wakazidi. Mkuu wa shule hakucheka, lakini uso wake ulibana kidogo, kama mtu anayejiuliza amedharauliwa au la. Mama aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, anatabasamu nao, hajui kinachochekwa. Anacheka nao. Alikuwa anacheka nao.

Hapo ndipo, sijui. Siwezi kusema nilipata ujasiri, kwa kuwa sijui unafananaje. Nilikuwa nimeshatembea nusu ya ukumbi kabla sijajua nimetoka mlangoni. Karatasi za matokeo zilikuwa bado mkononi.

"Madamu," nikasema. Haikusikika. "Madamu!"

Sauti yangu ilikuwa nyembamba na ngeni, hata mimi niligeuka kutazama nani kasema.

"Hajakukosea adabu. Kwao marahaba ni..." Nikasimama. Neno *kwao* lilikuwa limeshatoka, limekaa hewani mbele ya watu wote, na mama ameligeukia. "Kwetu," nikasema. "Kwetu marahaba ni asante. Amekushukuru kwa kiti. Ni mama yangu."

Hayo tu. Nimeyahesabu maneno baadaye mara nyingi, ni machache mno. Kisha nikashika kiti cha mtu.

Mkuu wa shule alinitazama, akamtazama mama, uso ukafunguka. "Kumbe!" akasema. "Mimi nilidhani nimezeeka nikaamkia mtu bila kujijua." Watu wakacheka tena, kicheko kingine sasa, na yeye akainama kidogo mbele ya mama. "Basi marahaba na wewe, mama, kwa kuja." Yule mwenye mtandio wa kijani akasogeza kiti chake karibu na cha mama na kumnong'oneza kitu, nikaona mama anampigapiga goti.

Niliporudi mlangoni rafiki yangu hakuwa anacheka. Alikuwa amekata neno *jamaa* kwa mistari mitatu mpaka karatasi imetoboka.

"Mama yako," akasema. "Yule ni mama yako."

"Ndiyo."

"Miaka miwili namwita mgeni! Mama wa mtu! Unajua umenifanya mkosa adabu kiasi gani? Nilimuuliza ataondoka lini! Kila nikimwona namuuliza ataondoka lini!"

"Nisamehe."

"Sikusamehe leo," akasema. "Labda Jumatano." Naye hutimiza anachosema. Tulikaa dawati moja Jumatatu na Jumanne bila neno, na Jumatano akanisogezea nusu ya kitumbua.

Baada ya mkutano mwalimu wa darasa alituita mimi na mama barazani. Ni kijana, mpole, ana tabia ya kufunika na kufunua kalamu. "Mama, nilitaka tuzungumze juu ya binti," akasema. "Kazi zake za kuandika nzuri sana. Lakini hasemi. Nikimuuliza hasemi, wenzake wakijadili hasemi. Mpaka leo pale ukumbini sikuwa naijua sauti yake. Nikaogopa labda kuna tatizo nyumbani."

"Nyumbani?" Mama alishangaa kwelikweli. "Nyumbani anasema mpaka namwambia nyamaza. Anamchekesha bibi yake. Anaigiza watu." Akafikiri kidogo akitafuta maneno, anayapanga. "Anazimika mlangoni. Akitoka nje na mimi, anazimika. Kama taa."

Mwalimu akaacha kucheza na kalamu. Mama hakusema kwa kunishitaki, ndiyo maana ilikuwa ngumu kuvumilia. Alisema kama anayemweleza daktari mtoto anaumwa wapi. Mwalimu akasema hatanilazimisha kusimama mbele ya darasa, nianze kwa kumjibu yeye peke yake, kisha kikundi kidogo, na kama lugha ya nyumbani ndiyo itakayotangulia kunijia, basi niiseme hiyo kwanza halafu niifasiri. "Hakuna atakayekufa," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikakumbuka, nikasema, "Sawa, mwalimu."

Tukaondoka. Jua lilikuwa limetoka na barabara inafuka mvuke, miguu yetu haionekani vizuri, tulikuwa kama tunaelea kuelekea Makorora. Mama alitembea na hakunishika mkono. Nilingoja anikaripie. Nilitamani anikaripie.

"Yule rafiki yako ana adabu," akasema mwishowe, kwa Kingazija. "Kila akinikuta sokoni ananiamkia na kunikaribisha Tanga."

"Ulijua?" Nilimuuliza kwa Kiswahili.

"Toka mwaka wa kwanza. Nilikuwa nachagua mchicha. Akanijia, karibu mgeni, unaondoka lini? Na mama wa rafiki yangu atakuja lini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia karibu atakuja."

Akaendelea kutembea. Mimi nilisimama. Niliuona mgongo wake kwenye ule mvuke, shiromani imelowa pindoni, na nikawaza juu ya miaka miwili ya mchicha, ya kuulizwa na kujibu, ya kurudi nyumbani na kutupikia huo mchicha bila kusema chochote.

"Iliniuma," akasema bila kugeuka. "Usidhani haikuniuma."

Nikakimbia nikamfikia. Kulikuwa na watu barabarani: wanaume wanatengeneza pikipiki, wanawake wawili wanasukana kwenye ngazi, wanafunzi wa shule nyingine. Nikaanza kusema kwa Kingazija. Sikunong'ona. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamweleza mkutano wote, kwa kuwa nilijua nusu yake hakuipata: mkuu wa shule kasema nini juu ya mitihani, yule mwenye mtandio wa kijani alitania nini, mzee wa malkia alisema nini. Wale wanawake wa ngazini waligeuka. Nikaendelea. Maneno mengine yalikuwa yamenitoka kabisa, miaka sita hayajatumika, nikawa naruka juu yake au naweka la Kiswahili katikati, na mahali fulani nilitaka kusema mkuu wa shule aliridhika, nikakosea sauti moja, kumbe nimesema mkuu wa shule alinenepa.

Mama alisimama katikati ya njia. Akashika ukuta. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajaribu kunirekebisha, akashindwa, akacheka tena, na fundi mmoja wa pikipiki akauliza, "Mama, vipi huko?"

"Huyu mwanangu," mama akamjibu kwa Kiswahili, akijipangusa macho kwa pindo la shiromani. "Lugha ya mama yake imempiga chenga." Kisha akanigeukia na kunisemea lile neno polepole, sehemu kwa sehemu, kama nilipokuwa mdogo, akangoja nilirudie.